Msingi Uliozidi

Mafundi wenzake walimwita Timazi, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Timazi ni ile kamba yenye kipande kizito cha chuma ambayo mwashi huining'iniza kando ya ukuta ili ajue kama umesimama wima. Yeye aliutazama ukuta kwa jicho moja, la pili amelifumba, akasema, "Umeinama kushoto," na kamba ilipoletwa ilimkuta amesema kweli. Nusu ya nyumba za mtaa ule zilipita mikononi mwake. Ya kwake haikuwapo.

Si kwamba hakuwa na kiwanja. Alikuwa nacho, kando ya barabara, na juu yake palikuwa na rundo la kokoto lililoota majani hadi mbuzi wa majirani wakaligeuza malisho. Kila mwaka alisema mwaka huu naanza, na kila mwaka kazi ya mtu mwingine ikamwita. Mganga hajigangi. Yeye na mkewe wakazeekea kwenye vyumba viwili vya kupanga, kimoja cha kulala na kingine cha kila kitu: jiko, meza, cherehani mbili za mkewe, na wateja waliokuja kupimwa nguo wakiwa wamebana migongo ukutani wasiangushe sufuria.

Mkewe alikuwa mwanamke wa subira, lakini subira nayo huchakaa. Jioni moja aliingia, akaweka mkoba juu ya meza, na kabla hajaketi akasema:

"Leo nimeona nyumba."

"Nyumba gani?"

"Ya yule mteja wangu mwuguzi. Imetengenezwa kiwandani, vipande viwili, na milango yake na madirisha yake na sinki lake. Imeletwa na lori. Asubuhi kiwanja kitupu, jioni mtu anachemsha chai."

Timazi alicheka mpaka akapaliwa. "Nyumba hailetwi kama kabati, mama watoto."

"Na kabati lenyewe lililetwa na nani? Si hata hilo ulisema utanitengenezea?"

Timazi aliinamia chai yake.

Mkewe hakukurupuka. Alikwenda kiwandani, akarudi tena, akauliza maswali kama mtu anayenunua kitambaa na kukivuta pande zote aone kama kitachanika. Aliuliza lori lahitaji njia pana kiasi gani, mvua ikipiga pale vipande viwili vinapokutana itaingia au haitaingia, na kesho akitaka kuongeza chumba ataongezea wapi. Kila alichoambiwa alimsimulia mumewe wakati wa kula.

"Ukuta huu wa katikati usiuguse, ndio unaobeba. Ule wa upande wa jiko unaweza kuutoboa. Na chini ya sakafu panaachwa uwazi, mtu anaingia akitambaa, ndimo mabomba yanamoungwa. Unanisikia?"

"Mm," alijibu Timazi, na katika hiyo mm hamkuwa na neno hata moja lililoingia. Akili yake ilikuwa kwenye jambo jingine. Fedha ilikuwa ya mkewe, imetoka kwenye sindano na uzi, kwa hiyo mdomo wa kukataa hakuwa nao. Kilichomkera ni watu. Rafiki yake wa siku nyingi, mwashi mwenzake waliyemwita Ndevu, alikuwa ameshamwuliza mbele ya mafundi wote, "Timazi, nasikia nyumba yako inakuja imefungwa karatasi kama keki. Mwiko wako sasa utakuwa wa kukatia wageni vipande?" Watu walicheka. Naye alicheka. Lakini siku hiyo aliondoka kazini kabla ya wenzake.

Basi mkewe alipomaliza mipango yote, Timazi akamwomba jambo moja.

"Msingi niachie mimi."

"Kampuni ina watu wake wa msingi."

"Mke wangu, nimechimba misingi ya watu tangu sina ndevu. Leo nyumba yangu ichimbiwe na mtu nisiyemjua? Nitauficha wapi uso wangu?"

Kesho yake mkewe alikwenda kiwandani kumwombea. Msimamizi wa kazi alikuwa binti mmoja mwembamba, mwenye kofia ngumu iliyomzidi kidogo kichwani, na hakupenda jambo lile. Mwishowe alikubali kwa sharti: mchoro ufuatwe kama ulivyo, na picha za msingi zitumwe kabla nyumba haijatoka kiwandani. Mkewe akasema, "Mume wangu hakosei vipimo. Namdhamini mimi."

Mchoro ulipofika, Timazi aliufungua juu ya goti. Ulikuwa na safu za nguzo fupi za zege, na baina yake patupu. Aliutazama akaguna.

"Hizi nguzo za banda la kuku," alisema peke yake, akaukunja na kuutia chini ya sanduku la vifaa.

Kusoma michoro alijua vizuri, na huu hakuwa ameshindwa kuuelewa. Aliona nguzo, akaona na uwazi, ila alijiambia kwamba wale ni watu wa kiwandani, wanabana saruji. Na ndani zaidi, mahali ambapo hakupenda kupachungulia, alikuwa na neno jingine: kama lazima watu wacheke kwamba nyumba ya Timazi imeletwa na lori, basi chini yake wakute kitu ambacho hakichekeki.

Akaichimba ardhi na vibarua wake. Akasuka nondo kama mtu anayesuka mkeka wa kulalia mgeni wa heshima. Akamwaga zege eneo zima, sakafu moja nene, kutoka pembe hadi pembe, akaipandisha juu ya ardhi, akaisawazisha kwa ubao mpaka maji yakimwagwa yanasita hayajui yaelekee wapi. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile. Jioni alibaki kiwanjani, akavua viatu, akatembea juu yake miguu mitupu.

Mkewe alikuja kuona. Alizunguka, akainama, akainuka.

"Ni pazuri. Lakini kule walinionyesha nguzo na uwazi chini. Uwazi uko wapi?"

"Ni kilekile, ila nimekiboresha."

"Watu wa kampuni wanajua?"

"Wanajua."

Hawakujua. Msimamizi alipopiga simu, Timazi ndiye aliyeipokea.

"Shikamoo mzee. Msingi umekwisha?"

"Marahaba, binti. Umekwisha na umekauka. Unagonga kama chuma."

"Naomba picha basi."

"Simu yangu haina kamera ya maana. We lete nyumba. Nilianza kujenga wewe hujazaliwa."

Kwa upande wa pili palikuwa na kelele za mashine na mtu akimwita. Binti alisita. "Umefuata mchoro, mzee?"

"Nimefuata," alisema Timazi, na neno likatoka laini kabisa, kama samli.

Siku ya nyumba, mtaa ulijaa. Wateja wa mkewe walikuja, mafundi walikuja, Ndevu alikuja na mikono nyuma kama mkaguzi. Muuza mkaa, ambaye banda lake lilitazamana na kiwanja, alifunga biashara kabisa, akaweka gunia chini na kukalia. Mkewe alivaa gauni alilolishona kwa ajili ya siku hiyo na asiseme ni kwa ajili ya siku hiyo. Kreni ilitangulia, malori mawili yakafuata polepole, kila moja limebeba nusu ya nyumba iliyofungwa turubai.

Msimamizi aliruka kutoka kwenye lori la mbele akakiendea kiwanja. Akasimama. Akalitazama lile zege, akazunguka upande wa pili, akarudi.

"Mzee, nguzo ziko wapi?"

"Zimo humo humo ndani," alisema Timazi. "Hii ni zaidi ya nguzo."

Binti aligeukia kreni. Lakini dereva wa kreni, ambaye hakuwa amesikia, alikuwa ameshafunga minyororo, na nusu ya kwanza ikainuka. Ikapanda juu ya vichwa vya watu, wanawake wakapiga vigelegele, na Timazi akaiona nyumba yake kwa chini.

Aliona mihimili. Aliona mabomba yamening'inia nje ya tumbo la nyumba, vinywa wazi, yakisubiri kuungwa. Aliona mabamba ya chuma yaliyopangwa kwa safu, kila moja mahali pake, na kila moja lilikuwa linatafuta nguzo yake. Kwenye ukingo, pale ambapo nusu hii ingekutana na mwenzake, aliona matundu ya bolti ambazo hazingeweza kukazwa ila na mtu aliyelala chali chini. Mwashi hahitaji kuelezwa mara mbili. Nyumba ile ikishushwa juu ya zege lake, mabomba yangesagika kama miwa, na nusu mbili zisingefungwa kamwe. Yote aliyosimuliwa wakati wa kula yalimrudia sasa, neno kwa neno, kwa sauti ya mkewe.

Alielewa yote papo hapo. Na kinywa chake, ambacho kingeweza kusema "simamisheni, nimekosea," kikasema kitu kingine.

"Mmeleta nyumba ya watu wengine."

Alilisema kwa sauti ndogo, kwa binti peke yake. Lakini mkewe alikuwa nyuma yake.

"Nini? Wameleta nini?"

"Haikai," alisema Timazi. "Haikai kwenye msingi wangu."

"Mama," msimamizi alisema, "naomba tuzungumze pembeni. Wewe, mimi na mzee."

"Pembeni kwa nini? Fedha yangu nilikupa pembeni?" Mkewe, ambaye Timazi hakukumbuka kumsikia akipaza sauti njiani, alipaza sauti. "Mume wangu anajenga mtaa huu wote, hakuna nyumba iliyopinda! Ninyi ndio mmekosea vipimo, sasa mnataka kunivuta pembeni mnidanganye!"

"Matapeli hao!" muuza mkaa akadakia kutoka kwenye gunia lake. "Waliona mama mshonaji, wakadhani hana mtu!"

Watu wakaanza kunguruma. Mtu mmoja akasema wazuie malori. Mwingine akamsogelea dereva. Nyumba ikawa inaning'inia juu, inazunguka taratibu kwenye minyororo.

Msimamizi aliukaza ukanda wa kofia yake na kumtazama Timazi. Alimtazama bila hasira, kama mtu anayemwachia mwenziwe nafasi apite kwanza mlangoni. Lilihitajika neno moja tu kutoka kwake. Timazi aliinamisha uso, akaanza kuondoa udongo kwenye kiatu chake kwa ncha ya kiatu kingine.

"Mwizi we!" mkewe alimwambia yule binti. "Umri wa mwanangu, mwizi!"

Binti akageuka, akampa dereva ishara ashushe mizigo kando ya barabara, juu ya magogo. Nusu zote mbili zikawekwa hapo, chini ya turubai, na kreni ikaondoka.

Zilikaa pale mvua ikazinyeshea, jua likazianika. Kila aliyepita aliuliza, na kila aliyeuliza alijibiwa na mkewe. Alisimulia sokoni, alisimulia kisimani, aliwasimulia wateja huku pini ziko mdomoni. Alikuwa na maneno yake sasa, yamekwisha kunyooka kwa kurudiwa: mume wangu fundi, msingi imara, kampuni wamekosea vipimo, binti mwizi. Timazi aliyasikia kutoka chumba cha pili. Kila mara yaliposemwa alijiona anapungua, lakini hakuyakatisha. Alijiambia atasema kesho. Kesho ilipofika ilikuta maneno yameshafika mbali zaidi, na kuyarudisha kumekuwa kugumu zaidi. Ukilikoroga utalinywa, lakini yeye alikuwa amelikoroga na anayelinywa ni mkewe.

Alikosa hata uso wa kwenda kazini. Ndevu alipokuja kumpa pole alijifanya ana homa.

Kisha mkewe akasema, "Vaa. Tunakwenda kwa meneja wao. Yule binti sitaki nimwone tena kwenye kazi za watu."

Kiwandani walipitishwa katikati ya ukumbi mkubwa. Timazi alikuwa hajawahi kufika, kwa kiburi tu. Nyumba zilikuwa zimepangwa kama mabehewa, nyingine mifupa mitupu, nyingine zimeshavishwa kuta. Fundi mmoja alikuwa amepiga goti mbele ya fremu ya mlango, ameishika timazi mkononi, anasubiri itulie. Timazi alimtazama yule mtu akingoja uzito uache kucheza, jinsi yeye mwenyewe alivyongoja maisha yake yote, akahisi joto likimpanda masikioni.

Meneja alikuwa mtu wa maneno machache. Aliwaketisha. Msimamizi alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Bila kofia alionekana mdogo zaidi. Mkewe akasema yote, akamaliza.

Meneja akamgeukia binti. "Kwa nini nyumba ilitoka hapa bila picha za msingi?"

"Nilizembea. Niliambiwa mchoro umefuatwa, nikaamini. Nilipaswa kwenda mwenyewe."

"Basi kosa ni lako."

"Ni langu."

Timazi alingoja aongeze, amtaje, amvue nguo pale pale. Angalau ingekuwa imekwisha. Binti akaizungusha kofia mkononi.

"Si lake," Timazi alisema.

Mkewe akamshika mkono. "Usimtetee, baba watoto. Mwache ajibu." Akamgeukia meneja. "Mume wangu ana huruma mno. Ndiyo maana watu wanamwonea."

Huo mkono juu ya mkono wake ulimuunguza kuliko kaa la moto. Akauondoa polepole, akauweka kwenye paja la mkewe, kama kitu asichostahili kukishika.

"Sina huruma," alisema. "Mchoro niliuona. Nguzo niliziona. Nilimwaga zege kwa kuwa nilitaka watu waone kazi yangu. Huyu binti aliniuliza, nikamdanganya. Wewe uliniuliza, nikakudanganya. Na siku ile kreni ilipoinua nyumba, nilijua. Nilijua kabla hujafungua mdomo, mke wangu. Nikakuacha useme."

Nje, mashine ilikuwa inakata mbao, ikanyamaza, ikaanza tena.

Mkewe hakumtazama. Alisimama, akanyoosha gauni lake, akamwendea yule binti, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nilikuita mwizi mbele za watu, mwanangu."

"Yameisha, mama."

"Hayajaisha. Yatakwisha palepale niliposemea."

Kwenye basi alikaa kiti cha mbele peke yake. Timazi alikaa nyuma akitazama kisogo chake kilichofungwa kitambaa njia nzima. Nyumbani mkewe alipika, akapakua, akamwekea. Ndipo akasema:

"Sina la kukwambia. Ila wale wote niliowaambia tumetapeliwa, wewe ndiye utakayewapitia. Mmoja mmoja. Mimi mdomo wangu nimeshautumia."

Akawapitia. Alianza na muuza mkaa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na ndiye aliyepiga kelele zaidi. Alimkuta anapima debe.

"Jirani, lile jambo la nyumba. Kampuni haikukosea. Nimekosea mimi."

Muuza mkaa alibaki na debe mkononi. "Wewe? Timazi? Acha utani, mzee."

"Si utani. Mchoro ulitaka hivi, nikafanya vile. Kisha nikanyamaza."

"Na mimi niliyewaita matapeli?"

"Ulisema kwa sababu yangu."

Muuza mkaa akatazama zile nusu mbili kando ya barabara, akamtazama yeye, akaanza kucheka kwa mabega, bila sauti. Halafu akaacha. "Na mama alivyokupigania vile," alisema, akatikisa kichwa, akarudi kwenye debe lake. Timazi alisimama kidogo, akaona hana tena kazi pale, akaondoka.

Kwa wateja wa mkewe ilikuwa vibaya zaidi, kwani wale walikuwa na heshima. Walisema, "Hata sisi hukosea, baba," kisha wakawa hawajui waangalie wapi. Ndevu ndiye aliyemmaliza kabisa. Timazi alikuwa amejiandaa kuchekwa. Ndevu alisikiliza hadi mwisho, akajikuna kidevu, akasema, "Mimi ningefanya vilevile." Hilo halikumsaidia chochote. Wakakaa, wazee wawili juu ya ndoo zilizopinduliwa, na Ndevu hakufanya mzaha wowote siku hiyo wala siku zilizofuata, na Timazi alitamani mzaha ule uliopita.

Msimamizi alikuja mwenyewe kukagua. Alipiga zege kwa nyundo hapa na pale, akatega sikio.

"Zege hili linabeba hata ghorofa, mzee."

Siku nyingine angevimba kichwa kwa neno hilo. Sasa lilimpiga kama kofi.

"Livunjwe lote?" aliuliza.

"La. Nguzo tutazisimamisha juu yake. Ila lazima likatwe mfereji wa mabomba, kutoka huku hadi kule. Na nyumba itakaa juu kuliko ilivyokusudiwa. Ngazi zitakuwa nyingi."

Mfereji aliukata peke yake, kwa tindo na nyundo. Vibarua waliomba kumsaidia, akakataa. Alikuwa amelitengeneza lile zege lisivunjike, nalo likatii: tindo iliruka, cheche zikatoka, kipande kikang'oka kama ukucha. Nondo alizozisuka zilimkamata kila hatua. Watu walipita na kusalimia kwa adabu nyingi kuliko kawaida. Mkewe alimletea maji mchana, akaweka jagi juu ya tofali na kuondoka. Kulipa kreni mara ya pili aliuza cherehani yake moja, ile ya kudarizi. Hakumwambia mumewe; Timazi aliona mwenyewe nafasi tupu karibu na dirisha, na alama ya miguu minne ya mashine sakafuni.

Nguzo alizijenga yeye, kwa ruhusa ya binti, na kila moja aliisimamisha mchoro ukiwa umetandazwa kando, umebanwa na mawe. Alikuwa anauliza. Mwanzoni ulimi ulikuwa mzito, alikohoa, akazunguka, akaanza kwa "hivi kwa mfano." Mwishoni akawa anauliza tu: "Hapa unataka juu kiasi gani?" "Hili bamba linapumzika wapi?" Binti alijibu kama anavyomjibu mtu yeyote. Timazi alipomwomba radhi, binti alimwambia, "Mimi nami nilipewa onyo, mzee, na nilistahili. Tuendelee." Akashika ncha ya pili ya kamba.

Siku nyumba iliposhushwa watu walikuwa wachache. Nusu ya kwanza ikakaa juu ya nguzo zake. Ya pili ikasogezwa, ikasimama hewani, ikasogea tena, na vipande viwili vikakutana kwa mlio mdogo kama mlango wa kabati unaofungwa. Kabla hawajamruhusu yeyote kupanda, mkewe aliwasogelea watu waliokuwapo, muuza mkaa akiwa miongoni mwao, akasema kwa sauti iliyosikika barabara nzima: "Huyu binti nilimwita mwizi hapa hapa. Si mwizi. Mwongo nilikuwa mimi, nilisema nisilolijua." Hakumtaja mumewe. Timazi, aliyekuwa amelala chali chini ya nyumba na spana mkononi, anakaza bolti, alisikia kila neno kutoka humo chini. Aliendelea kukaza mpaka mkono ukafa ganzi.

Walihamia. Ngazi zilikuwa nyingi kweli, na mkewe, ambaye magoti yake hayakuwa na umri wa kuchezewa, alizipanda akishika ukuta, akipumzika katikati. Kila alipopumzika Timazi aliangalia pembeni. Walizungumza, walikula pamoja, walicheka mara moja moja kwa jambo la redioni. Lakini alipomsimulia kitu, mkewe alianza kuuliza, "Umeona mwenyewe?" jambo ambalo zamani hakuuliza.

Kisha watu wakaanza kuja, maana nyumba ile ilikuwa kando ya barabara na habari zake zilijulikana. Siku moja walikuja mume na mke vijana, walimu, wanaofikiria kununua kama hiyo. Walisimama sebuleni wakigongagonga kuta. Walimwuliza mkewe kama mvua haingii, kama joto halizidi, kama ni kweli inaweza kuongezwa chumba. Akawajibu, mguu ukiwa juu ya kanyagio la cherehani iliyobaki. Halafu mwanamume akauliza:

"Na msingi, mama? Tuna mjomba wetu fundi. Anasema atatufanyia wa nguvu zaidi ya wanaotaka wao."

Cherehani ikasimama. Timazi alikuwa mlangoni.

"Mwulizeni baba," mkewe alisema.

Walimgeukia, wakimngojea. Angeweza kusema kwa kifupi. Angeweza kusema kuna fundi mmoja aliwahi kukosea.

"Msimruhusu," alisema. "Wa kwangu niliuharibu mimi. Niliufanya wa nguvu. Nyumba ikakaa barabarani, na nikawaacha watu wamtukane asiyekosa. Mpelekeni mjomba wenu kiwandani kwanza, aione nyumba kwa chini. Akikataa kwenda, msimpe kazi."

Mwanamume akacheka, akidhani ni utani wa wazee. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akaacha. Uso wa Timazi ulikuwa umewaka moto kama siku ya kwanza; alikuwa amedhani kwa kulisema mara nyingi lingepoa.

Mkewe alikuwa ameshika kitambaa, anatafuta mahali sindano ilipokomea. Hakuinua kichwa.

"Waonyeshe na chini," alisema.

Timazi alichukua tochi kwenye msumari. Akashuka ngazi, wale wawili nyuma yake, akapiga magoti kwenye mfereji alioukata, akainama, akaanza kutambaa.